Jicho Alilolifumba Mchongaji

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya macho mjini Machakos nilivaa viatu vipya, nikidhani nitashinda nikiwawekea watu dawa za matone. Muuguzi mkuu, mama mkali ajabu, alinikabidhi karatasi ya kupimia macho, yenye mistari iliyochora vimraba. "Dawa utajifunza baadaye," akasema. "Kwanza jifunze kuuliza mtu anaishi vipi."

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kukinga macho kabla hayajaharibika. Mwili ukitumia hewa tunayovuta, hubaki chembe kali zinazokula jicho, kama kutu kwenye panga. Jua na sigara huzizidisha. Mboga kama majani ya kunde husaidia kuzipunguza. Retina, yaani pazia la nyuma ya jicho, ikiliwa katikati, mtu huona vya kando tu, nyuso hazioni.

Baadaye nikahamishiwa Wamunyu, kwenye wachongaji wengi wa vinyago. Huko akaja Mzee Mutua, mchongaji na mvutaji sigara hodari. Nilimfunika jicho la kulia, akashindwa kuhesabu vidole vyangu.

"Tangu lini?"

"Sista, hata sijui."

Ala! Mtu atapotezaje jicho asijue? Akanionyesha mwenyewe. Wachongaji hufumba jicho moja wakipima kama gogo limenyooka, naye miaka yote alifumba la kushoto. Likaharibika huko huko lilikofumbwa, asigundue.

Roho iliniuma, maana lilibaki moja, na ndilo lililowalisha watoto wake. Nilimgombeza juu ya sigara, akaapa kuacha, lakini wiki iliyofuata mkewe akaja kumshtaki kwamba bado anavuta. Basi nikampa ile karatasi ya vimraba: kila asubuhi aitazame, jicho moja moja. Mistari ikipinda, aje mbio.

Mwaka uliofuata alifika kwa bodaboda. "Sista, leo mistari iko na mawimbi. Hili la kulia!"

Siku hiyo hiyo nilimwandikia rufaa, akadungwa sindano ndani ya jicho. Mwezi mzima sikuwa na raha. Halikurudi kuwa jipya, lakini lilibaki. Sigara akaacha bila kuambiwa na mtu.

Nimestaafu sasa. Kazi ya kukinga haina ushahidi. Asiyepofuka hajui kama angepofuka.

Siku ya kuniaga, Mzee Mutua alisimama mbele yangu, akaziba jicho lake zima. "Kwa hili bovu, sista, hauna uso." Akaondoa mkono, akanitazama kwa makini. "Woi! Kumbe umezeeka hivi?"

Nilicheka mpaka nikalia.