Msimu Uliotegemea Mvua

Kila asubuhi nilipofungua ghala la mizigo pale stesheni ya Itigi, mama wa chai alinipigia kelele kutoka kwenye jiko lake: "Haya, Mnyaturu! Mwakani mtashika mkia tena?"

Yeye alikuwa Mnyiramba, mtani wangu, na mtani hanyamazishwi. Kazi yangu ilikuwa ukarani wa mizigo, lakini roho yangu ilikuwa kwenye timu ya mpira wa kikapu ya reli, niliyokuwa mwalimu wake. Vijana wale waliajiriwa kwa ajili ya mpira. Kubeba magunia kulikuwa jina tu; mshahara waliutolea jasho uwanjani. Sasa wakubwa waliwahamisha wachezaji wetu watano kwa mpigo kwenda stesheni nyingine, tukamaliza wa mwisho. Halafu mkubwa mmoja akashuka kwenye treni akatuambia bila kumung'unya maneno: mkishika mkia mara ya pili timu inavunjwa, na vijana hawa kila mtu arudi kwao akalime. Karibu wote walikuwa na wake na watoto kwenye nyumba za reli.

"Mwakani tunashika nafasi ya pili," nikamjibu mama wa chai.

"Kwa kina nani? Kwa hao wafupi wako?"

Nilikasirika mpaka chai ikanipalia, kwa sababu alisema kweli. Sikuwa na mrefu hata mmoja.

Mrefu nilimwona Kintinku, nilikokwenda kukagua shehena ya ngozi. Alikuwa Mgogo, kijana wa kuoa, amesimama kwa mguu mmoja, wa pili ameuegemeza gotini, fimbo mkononi, anatazama treni. Nikamwamkia, "Mbukwa." Akaitika. Nikamwomba anyooshe mkono juu. Akacheka, akaunyoosha, akagusa bati la stesheni na kisigino hakikunyanyuka. Loh! Nilisahau ngozi na shehena yake.

Jioni ile nilikuwa mbele ya baba yake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Nikaeleza shida yangu yote, vijana na watoto wao. Mzee alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Huyu ni mzaliwa wangu wa kwanza. Mvua ikinyesha, wadogo zake wanatosha kuchunga hapa karibu, mchukue. Isiponyesha, ng'ombe watahamia mtoni Kizigo, na yeye atakwenda nao. Sina mwingine wa kuwapeleka mbali." Nikasema sawa, mzee.

Alijifunza upesi kuliko nilivyotegemea. Ringi yetu ilikuwa pete ya pipa la lami juu ya nguzo, naye aliutia mpira mle ndani kama anayerudisha kibuyu kwenye kigingi chake. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu. Mpira ukienda upande wa pili, yeye aliegemea nguzo, akasimama kwa mguu mmoja na kutazama mbali. "We bwana, hapa si machungani!" nilimfokea. Akacheka, akashusha mguu. Mama wa chai alikuja kumwona kwa macho yake, akatikisa kichwa. "Mnyaturu, safari hii umeokota."

Basi watu wakaanza kuniuliza msimu utakuwaje, nami nikawajibu waulize mawingu. Walidhani natania. Mimi niliyekulia kwenye mtama, nikaenda kwenye reli ili nisiitegemee mvua tena, nilirudi kutazama mbingu kuliko baba yangu alivyozitazama. Jumapili padre aliomba mvua, nikapiga magoti. Ijumaa Waislamu wakasoma dua ya mvua, nikasimama nje ya uzio na kofia mkononi, nikaitikia amina. Viongozi wa tawi la chama walikuja kuhimiza kilimo, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Mawingu yalikusanyika kila alasiri, meusi kabisa, kisha upepo ukayapeleka kwa wenzetu. Kwenye vichaka vya Itigi majani yalipukutika, hata nyuki walihama mizinga. Tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, nao ulikuja kwa treni ileile niliyoipakua.

Krismasi ilipita kavu. Ujumbe ukafika kutoka Kintinku: baba anamwita. Kijana alikunja fulana ya timu, akanirudishia. Nilimwambia akae nayo. Ng'ombe wa watu hawali mpira.

Ligi ilianza, tukapigwa. Tukapigwa tena. Wake za wachezaji walianza kunisalimia kwa sauti ya chini, na mimi nilianza kupita nyuma ya ghala ili nisikutane nao. Siku nzima niliomba kitu kimoja tu: yule mrefu arudi. Mungu akipenda, arudi.

Mwezi wa tatu alirudi. Alishuka kwenye behewa la mizigo, amekonda, fulana yetu mwilini inapepea. Nilimkimbilia, nikamshika mikono yote miwili, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kusalimia kama wao, nikauliza kila kitu kwa zamu.

"Baba je?"

"Mzima."

"Mama?"

"Mzima."

"Na ng'ombe?"

Akatazama reli. Mama wa chai alisimama na birika mkononi.

"Mwalimu," akasema, "nipo mpaka mwisho wa msimu. Sina tena wa kuwachunga."

Jamani! Kile nilichokiomba kilikuwa kimesimama mbele yangu, nami nilitamani kukirudisha kilikotoka.

Tulishinda mechi zote zilizobaki. Alitufungia pointi akiwa hacheki, hapumziki, nami sikumfokea tena aliposimama kwa mguu mmoja chini ya nguzo, akitazama upande wa Kizigo. Tulimaliza nafasi ya pili, kama nilivyotabiri. Timu haikuvunjwa. Watoto wa nyumba za reli walizunguka stesheni wakiimba, na mimi nikaenda kukaa kwenye benchi la mama wa chai.

"Haya, mtani," nikamwambia, "nilisema nafasi ya pili. Tania basi."

Mtu yule alikuwa na haki ya kunitania hata kwenye matanga ya mama yangu. Alimimina kikombe, akatia sukari yote iliyobaki kwenye kopo, akavuka reli kumpelekea kijana.