Chini ya Buti la Baba

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na udongo mweusi uliolowa hunirudisha utotoni haraka kuliko picha yoyote. Ilikuwa harufu ya ovaroli ya baba. Kila jioni mama aliitundika kwenye msumari nje ya mlango, kwa sababu alisema ikiingia ndani ugali unabadilika ladha, na sisi watoto tulijua baba amerudi kwa kuinusa kabla ya kumwona mwenyewe. Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la ngano, enzi zile mashamba yakiwa ya serikali, kwenye uwanda ulio chini ya mlima Hanang. Ukisimama mlangoni petu mwisho wa masika uliona kijani kitupu mpaka macho yachoke, na mlima peke yake, kichwa kikiwa mawinguni. Baba alikuwa dereva wa trekta. Alizaliwa Nambis, kwenye vishamba vya juu milimani ambako mtu humjua jirani yake kwa kikohozi, akateremka kutafuta kazi, akamwoa mama yangu, binti wa wafugaji wa Kibarbaig. Babu, yaani baba yake mama, aliishi na ng'ombe wake ng'ambo ya mpaka wa shamba. Kabla ya ngano hapakuwa na ng'ambo. Yeye na ndugu zake walichunga kote. Kwa hiyo siku za kazi baba alilima mahali alipochungia mkwewe, na Jumapili tulikwenda kunywa maziwa kwa mkwe huyohuyo. Nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuliona hilo kuwa neno. Niliona tu kwamba watu wazima wakikaribia habari ya malisho, ghafla walianza kuulizana habari za mvua.

Mwaka huo Mwalimu Safari, kijana mwembamba aliyetoka chuoni na filimbi shingoni, alianzisha kikundi cha skauti shuleni kwetu. Wavulana walipatikana sita tu, ndipo akatuchukua na sisi wasichana watatu tuliokuwa na mbio. Kisha akaitisha mkutano wa wazazi, akasema anahitaji mzazi mmoja wa kujitolea kila Jumamosi. Baba aliinua mkono bila kusita. Siku zile mtu akisema kujitolea, kila mtu alielewa ni kubeba mawe na kufyatua matofali. Hivyo ndivyo lilivyojengwa darasa la tano, na choo cha walimu. Jumamosi ilipofika, baba alitokea uwanjani na beleshi begani na sululu mkononi, akatukuta tumepanga mstari tunaimba na kupiga makofi. Aliuliza msingi uko wapi. Mwalimu Safari akamweleza kwamba hakuna msingi, anachotakiwa ni kukaa na watoto na kuwaongoza. Baba alizunguka kidogo akitazama pembe za uwanja, nadhani bado akitafuta mawe, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na baba hakuwa mtu wa kurudi nyumbani na beleshi safi. Alichimba shimo la taka lenye pembe nne zilizonyooka, ambalo hakuna aliyemwomba, kisha akaja kusimama mwisho wa mstari wetu.

Mambo ya skauti yalimchanganya, nami yakanichanganya zaidi, kwa kuwa nilikuwa nikimtegemea yeye anieleze. Mwalimu Safari alimsalimia kwa mkono wa kushoto, maana maskauti ndivyo wanavyosalimiana. Kwetu mkono wa kushoto humpi mtu ila ukitaka kumtukana. Baba akatoa wa kulia, mwalimu akang'ang'ania wa kushoto, na mikono yao ikakosana hewani mara mbili mbele ya watoto. Mimi nilijifunza upesi mno. Jumapili iliyofuata nilimwamkia babu shikamoo huku nimemnyooshea kushoto. Aliutazama ule mkono kwa muda, asiupokee, kisha akamwambia mama kwa Kibarbaig kwamba shule imemgeuza mtoto mikono. Mama alinifinya bega mpaka nyumbani. Nilipomuuliza baba nani yuko sahihi, alisema uwanjani ni kushoto na kwa babu ni kulia. Nikamuuliza, je, tukikutana na babu uwanjani? Alinituma kuni.

Mafundo ya kwenye kitabu cha mwalimu hakuyajua, ila alijua ya kufungia ndama asijinyonge, akatufundisha hayo. Alijua kuwasha moto kwa kuni mbichi. Zaidi ya yote alijua kusoma alama za miguu, kwa sababu utoto wake wote alichunga ng'ombe wa watu kule milimani na hakuruhusiwa kupoteza hata mmoja. Alitufundisha kuangalia kingo za alama kama ni kali au zimeanza kumomonyoka, kama umande umeanguka ndani yake au umepanguswa, kama mnyama alikuwa na mzigo wa mimba au njaa. Kisha akatubunia mchezo. Alitupitisha njiani haraka haraka, halafu akasimama ghafla, akakanyaga alama moja kwa buti lake la mpira, akatazama mlima kana kwamba sisi hatupo. Aliyekuwa macho tangu mwanzo ndiye angeweza kusema chini ya buti kuna nini. Ukipatia, aliinua mguu polepole, alama ikaonekana nusu nusu, naye akasema hongera. Wavulana walibahatisha. Mimi nilipatia karibu kila mara, na nilivimba kichwa kwa jambo hilo, sifichi. Nyumbani alirudia maneno ya mwalimu akiwa anakula: skauti hasemi uongo, akiulizwa anasema alichokiona. Aliyapenda maneno hayo kama mtu aliyepata shati jipya. Mama aliyasikia, akaendelea kukoroga mboga.

Mvua ziliisha mapema mwaka ule. Nyasi za ng'ambo zilikauka wakati ngano ikiwa bado kijani, na njia ambayo ng'ombe wa babu walipita zamani kwenda kunywa maji ilikuwa imelimwa tangu mwaka uliotangulia. Asubuhi moja walinzi walikuta ngano imeliwa na kukanyagwa upande wa chini wa shamba. Ikatokea tena, na tena. Babu alikuwa ameshaonywa mara mbili, na kambi nzima ilijua kwamba atakayeshikwa safari hii kundi lake lote litafungiwa kwenye yadi ya shamba. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, na nyumbani kwetu nyasi alikuwa mama. Wiki hiyo alikuwa akiamka usiku na kwenda kusimama nje akitazama upande wa kwao.

Mkuu wa walinzi, mtu mnene wa kutoka mbali asiyemjua yeyote kwa ukoo, alisikia kwamba shuleni kuna watoto wanaosoma alama. Akamwomba Mwalimu Safari awalete. Mwalimu alifurahi mno, akatuambia hilo litakuwa tendo letu jema la mwezi. Baba alisema kazi hiyo ni ya walinzi, watoto wakae uwanjani. Mwalimu akamjibu kwa heshima zote kwamba mzee, wewe ndiye uliyewafundisha. Jumamosi asubuhi tukatoka na skafu zetu shingoni, watoto tisa, baba akiwa mbele, walinzi wawili nyuma na mkuu wao akihema. Udongo ulikuwa bado na unyevu kidogo pembeni mwa barabara ya trekta, na alama zilikuwa wazi kama maandishi ubaoni. Wavulana walikimbia mbele wakipiga kelele kwamba ni ng'ombe, jambo ambalo hata kipofu angelijua. Mimi nilitembea nyuma ya baba, macho chini, kama alivyonifunza.

Niliiona kabla yake. Mguu wa mbele wa kushoto, ukwato mmoja umerefuka na kupinda juu ya mwenzake. Ng'ombe wa namna hiyo nilimjua mmoja tu. Alikuwa jike mwekundu ambaye babu alimtaja kuwa wangu siku nilipozaliwa, na kila likizo nilimchunga nikimwona akichechemea mbele yangu. Mara buti la baba likashuka juu ya ile alama. Akasimama hapo, akatazama mlima. Mkuu wa walinzi alipofika akauliza vipi, baba akasema hapo pamevurugika, hawezi kujua ni ng'ombe wa nani. Mwalimu Safari, aliyetaka tuonekane, akamwambia mkuu amuulize Paskalina, ndiye bora kuliko wote. Yule mtu akainama kidogo.

"Haya binti, wewe umeona nini?"

Nilimtazama baba. Alikuwa bado anatazama mlima, kama kwenye mchezo. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko mengine yote, kwamba nilifurahi. Nilidhani amenitegea swali gumu kuliko yote mbele ya wageni ili nionekane.

"Chini ya buti la baba kuna ukwato uliopinda," nilisema kwa sauti ya mstarini. "Ni yule mwekundu wa babu. Amepita alfajiri akirudi nyumbani."

Baba aliinua mguu polepole, na alama ikaonekana nusu nusu. Nikasubiri hongera. Walinzi walikuwa tayari wameshaanza kuufuata mwelekeo niliowatajia.

Kabla jua halijafika kichwani kundi lote la babu lilikuwa yadini, katikati ya matrekta mabovu. Babu alikuja akasimama kwenye waya na fimbo yake. Tulikwenda na baba. Nilimwamkia kwa mkono wa kulia, akaupokea, akasema marahaba, basi. Sikuelewa. Kama nimekosa, mbona amenipa mkono? Kama sijakosa, mbona mama hanitazami? Ng'ombe walikaa mle siku nyingi bila malisho ya maana, na walipoachiwa, mwekundu hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amelala akashindwa kuinuka. Kabla ya mavuno babu alihama na waliobaki kuelekea kusini, hakutuaga, na sikumwona tena mpaka tulipoletewa habari ya kifo chake. Baba aliulizwa maswali ofisini, akaondolewa kwenye trekta, akapelekwa ghala la magunia. Ovaroli yake ikaanza kunuka vumbi la ngano na katani, harufu ambayo siipendi hata sasa.

Hakuna aliyenipiga. Ningepigwa ningejua nimekosa, nikalia, yakaisha. Badala yake, Jumamosi mbili baadaye, Mwalimu Safari alitangaza kwamba nimepata beji ya kusoma alama, na kwa kuwa kikundi kina mzazi mlezi, yeye ndiye ataivalisha. Baba alitoka mwisho wa mstari. Hakuwa ameacha kuja hata Jumamosi moja. Vidole vyake vya kushika usukani havikuiweza ile pini, akajichoma, tone la damu likabaki kwenye skafu yangu. Wenzangu wakapiga makofi. Nilimtazama usoni nikitafuta kama amenikasirikia au ananionea fahari, sikuona hili wala lile. Akasema hongera, ile ile niliyokuwa nikiisubiri, nami nikatamani airudishe mdomoni.

Sasa ninaishi Haydom, nina duka la nguo jirani na stendi ambako mabasi hushusha wagonjwa wanaokwenda hospitali. Binti yangu Neema ni skauti, nami, kwa ukaidi ambao siwezi kuueleza, ni mzazi wa kujitolea. Siku hizi hakuna anayekuja na beleshi. Tuna kundi la WhatsApp, tunajadili usafiri na nani ataleta maandazi, na njia wanazotembea watoto zimejaa alama za matairi ya pikipiki. Yale mashamba si ya serikali tena, na kila nikipita kwa basi siwezi hata kuonyesha kwa kidole yadi ilikuwa wapi. Wasichana hawachukuliwi tena kwa kujaza nafasi. Hayo ni mazuri, nayasema bila kinyongo. Lakini watoto wetu huambiwa vilevile kwamba skauti hasemi uongo, na kila ninapolisikia hilo moyo wangu husimama pande mbili. Siwezi kuwaambia waseme uongo. Wala siwezi kuyasahau macho ya mama. Nawafundisha mafundo ya ndama, nawafundisha moto, alama nawafundisha kidogo, na ule mchezo sijawahi kuwafundisha.

Baba alirudi Nambis alipostaafu. Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa mtu mzima, siku ile alitaka niseme nini. Alianza kunieleza jinsi breki za trekta lile zilivyokuwa mbovu, nikamwacha. Likizo iliyopita nilimpeleka Neema kwake. Ilikuwa imenyesha, na asubuhi nikamkuta mtoto amesimama katikati ya uwanja, mguu mmoja umekita kwenye tope, anatazama vilima. Babu yake alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, blanketi mabegani. Bila shaka ni yeye aliyemfundisha.

"Mama, chini ya kiatu changu kuna nini?"

Nilikuwa nimeshaiona ile alama nilipokuwa nateka maji. Ilikuwa ya ndama wa jirani, yule anayeingia kwenye mahindi ya baba kila mara na kuwagombanisha wazee hao wawili hata kanisani. Alikuwa ametoka huko huko, na majani mabichi aliyoangusha yalikuwa bado njiani. Neema alisubiri. Baba naye, nikaona, alikuwa amegeuza uso kunitazama.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Sioni kitu."

Neema alicheka sana, akainua mguu polepole, akasema mama skauti ameshindwa na ndama, kisha akakimbilia jikoni kumsimulia bibi yake. Baba alivuta blanketi lake, akanong'ona ili mtoto asisikie.

"Umechelewa kidogo, Paskalina," alisema.