Bibi Yake Mchungaji na Benchi la Nyuma

Huyu mchungaji mnayemwona akipanda mimbari ya Kipresbiteri na kola yake nyeupe, utadhani kazaliwa hukohuko juu. Hakuzaliwa huko. Alizaliwa kwenye karakana ya bati nyuma ya nyumba ya babu yake, kati ya ndoo zilizotoboka na mifereji ya mvua iliyongoja kulehemiwa. Mama yake alikuwa msichana tu. Baba alikuwa dereva wa lori, na lori lilikwishaondoka zamani.

Sasa kanisa lile lina utaratibu wake. Wiki ya kuelekea Meza ya Bwana, mzee wa kanisa hupita nyumba za mtaa wake akigawa vipande vya bati, vidogo kama kifungo cha koti, vimegongwa msalaba katikati. Jumapili unakitoa chako mlangoni, unakwenda kuketi mbele, unapewa mkate na kikombe. Kama huna, unakaa benchi la nyuma na kutazama wenzio wakila. Vipande vyenyewe alivikata babu mtu, fundi bati. Na mzee wa mtaa ule alikuwa yeye huyohuyo.

Kwa hiyo tumbo la binti lilipoonekana, baraza la wazee likaona aibu imeingia jikoni kwake. Wakaamua binti aondolewe nyumbani mpaka ajifungue, kisha arudi atubu mbele ya watu. Walikwenda kusema hivyo kwa mama wa binti, ambaye mtaani walimwita Msumari, maana akishaingia mahali hang'oki. Aliwasikiliza huku anaanua nguo.

"Aende wapi?" akauliza.

"Popote, mama. Asiwe tu kwa mzee wa kanisa."

"Mbwa wenu akizaa mnamtandikia gunia. Huyu mnataka alale wapi?"

Hakumtoa. Binti akazalia karakanani, Msumari mwenyewe akampokea mtoto kwa mikono yake. Baraza likamtenga Msumari na Meza kwa kulidharau, mpaka siku atakaposimama mbele ya kanisa na kusema nimekosa.

Binti ndiye aliyesimama. Mtoto alipoanza kukaza shingo, alikwenda mbele akasema dhambi yake kwa sauti ya kuku mwenye kifaduro. Akasamehewa, akapewa kipande chake. Mama yake alikuwa benchi la nyuma, kampakata mtoto.

Ikawa ndiyo hali. Kila msimu wa Meza fundi alizunguka mtaa mzima, akamalizia nyumbani kwake. Aliweka kipande kimoja mezani, cha binti. Mkewe alimmiminia chai, na wiki nzima nyumba ikawa kimya kama ina mgonjwa. Safari moja yakamshinda. Alikata kipande cha ziada, akakitelezesha chini ya kikombe cha mkewe.

Msumari akakigeuza kwenye mwanga. "Fundi, hiki kimetoka kwa baraza?"

"Kimetoka kwangu."

"Basi ni bati tu." Akakitupa kwenye pipa la mabaki. "Mimi siibi chakula, hata cha Mungu."

Fundi alipokufa kengele ya kanisa ilimlilia vizuri. Mjane wake alifuata jeneza nyuma kabisa, pamoja na watu baki.

Mtoto yule alikua na kichwa chepesi, akaenda chuo cha uchungaji, akawekewa mikono, kisha akapangiwa kanisa lilelile lililomtema bibi yake. Mama yake alishona gauni jipya. Siku ile aliamini mambo yamekwisha. Mwenye meza ni mwanawe, nani tena atamzuia bibi yake?

"Mama," mchungaji akamwambia kwenye chumba cha kuvalia joho, "mimi ni mwenyekiti tu. Wanaoamua ni wazee."

"Basi waambie."

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

Mchungaji akakunja joho, akalikunjua, akalikunja tena. Mkuu wa wazee sasa alikuwa Mzee Koti, mtu wa kuvaa koti hata jua likichoma lami. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kichwa kilichonyooka kama rula.

"Mzee Koti kaniuliza, 'Mchungaji, mama yako alitubu mbele yetu akilia. Tukimrudisha bibi bila toba, machozi ya mama yako tuliyachukua ya nini?'"

Mama yake akaketi juu ya sanduku la vitabu vya nyimbo. Miaka yote alidhani toba yake ilikuwa yake peke yake, iliingia, ikaisha. Kumbe ndiyo komeo walilomfungia mama yake nje.

Akaenda kumbembeleza. Msumari alikuwa mzee sasa, miguu imevimba, lakini mdomo mzima.

"Mama, ni neno moja tu. Sema ulikosa, uje mbele."

"Nilikosa nini?"

"Sema tu."

"Nilikosa kukuweka ndani? Au yule anayevaa joho nilikosa kumdaka? Nikisema nimekosa, ninamkana nani? Hebu nipe maji, umenichosha."

Hakumgusia tena jambo hilo. Uvimbe ukapanda mpaka tumboni, Msumari akawa wa kitandani. Alasiri moja mchungaji akaja na mkate kaufunika kitambaa cheupe, na chupa ndogo mfukoni. Alifunga mlango. Mama yake alikuwa anakanda miguu ya mgonjwa, akaacha.

"Mume wangu kaja," Msumari akasema. Ndivyo alivyomwita mjukuu tangu utoto. "Una nini hapo?"

"Meza, bibi. Nimekuletea."

"Wazee wamekubali?"

Mchungaji alitamani kusema uongo. Mama yake alimwona akitamani, naye akaomba kimoyomoyo auseme.

"Hapana, bibi."

Msumari akacheka mpaka akakohoa. "Mume wa kwanza kaniletea bati la wizi, wa pili mkate wa wizi. Jamani, nimeolewa na wezi watupu. Rudisha kwa wenyewe."

"Bibi, tafadhali."

"Waniletee mlangoni, mchana, kama wanavyowaletea wengine. Basi."

Hawakumletea. Alikufa wiki hiyohiyo, bintiye ameshika kisigino chake. Kwa kuwa alikuwa ametengwa, kengele haikupigwa. Mchungaji alimzika bila joho, kwa shati la kawaida, akashika koleo kama mjukuu mwingine yeyote. Mzee Koti alisimama mbali, koti limefungwa vifungo vyote, uso umelowa jasho au kitu kingine.

Msimu wa Meza ulipofika, yeye ndiye aliyebisha hodi kwa binti wa Msumari. Alitoa pole yake, akaifikisha vizuri, kisha akanyoosha kipande.

"Pokea, mama wa mchungaji."

"Kirudishe mfukoni, Mzee."

"Una neno na mtu?"

"Sina."

"Una dhambi unataka kuisema?"

"Nilishaisema ile, mbele yenu wote. Ndiyo ninayoitaka. Nirudishieni toba yangu."

Mzee Koti akatazama kile kibati kiganjani. Kilikuwa cha mkono wa fundi, msalaba umekwenda upande kidogo.

"Toba hairudishwi, mama."

"Basi nacho hakipokelewi. Karibu chai."

Chai hakuinywa.

Jumapili mama wa mchungaji aliingia, akapita watu waliomsogezea nafasi mbele, akageuka, akaenda benchi la nyuma. Ubao ulikuwa umechakaa mahali pamoja, akapakalia hapohapo. Kutoka pale huoni uso wa mtu, unaona visogo tu, na yule aliye mezani.

Mchungaji aliinua mkate, akamwona. Mkono ukasimama hewani. Watu wakadhani anaomba. Mzee Koti akamtazama kutoka kiti chake, na wazee wengine wakamtazama.

Akaumega. Sahani ikazunguka kutoka mkono hadi mkono, ikafika safu iliyo mbele ya mama yake, ikarudishwa mezani. Mwanawe hakutazama tena nyuma hadi wimbo wa mwisho.