Vigingi Vyeupe na Jiwe la Kutelezea

Mama yangu alikuwa na mapaja manene na sauti nyembamba, na kila mtoto wa ukoo wetu aliyeteleza kwenye lile jiwe aliishia mapajani mwake. Jiwe lenyewe lilikuwa juu ya mji wa Morogoro, ukipita Kilakala na kuendelea kupanda, mahali ambapo kijito kinatoka msituni na kumwagikia mwamba mpana uliolainishwa na maji. Tulikata ganda la mgomba, tukalikalia, tukashika ncha yake kwa mikono miwili, halafu tukajiachia. Mama alikaa chini, miguu ameinyoosha ndani ya maji, akituita mmoja mmoja: "Njoo, nimeshakushika." Alisema hivyo hata kabla hujaondoka kule juu, na mimi nilimwamini kabisa.

Msidhani tulicheza ovyo. Mahali pale palikuwa na mpango wake, na mpango huo haukuandikwa kwenye karatasi yoyote. Upande wa huku wa kijito, penye jiwe na majani mafupi, palikuwa pa watoto, pa wanawake waliokuja kufua, na pa vijana siku za ngoma baada ya mavuno. Upande wa pili kulikuwa na miti mikubwa ambayo hakuna aliyekata hata ukuni wake, na chini ya miti hiyo ndiko walikolala watu wetu waliotangulia. Huko hupigi kelele, huvuki bila sababu, na hata ukiwa mbali hunyooshi kidole kupaonyesha. Ukitaka kumwelekeza mtu unageuza kidevu kidogo, basi. Mtoto akijisahau akanyoosha kidole, aliambiwa akiume mwenyewe, tena kwa nguvu. Mimi nilikiuma changu mara nyingi kuliko wenzangu, maana nilikuwa mtoto wa kuonyeshaonyesha.

Mama alipofariki alilazwa ng'ambo ile, chini ya mti wenye mizizi iliyotokeza juu ya ardhi. Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Siku nikiwa na uzito moyoni nilikwenda kukaa kwenye jiwe, upande wetu, nikamsimulia mambo ya nyumbani kwa sauti ndogo. Kama kuna mahali duniani ninapopaita pangu, ni pale.

Ukoo wetu tunauhesabu kwa upande wa mama, kwa hiyo mkubwa wetu alikuwa mjomba, kaka yake mama. Ijumaa utamwona msikitini mjini na kanzu yake nyeupe, na siku ya tambiko utamwona chini ya miti mikubwa na unga wake wa mtama, wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa vigingi. Miaka kadhaa nyuma watu wa boma la Wadachi walipanda kwetu na vigingi, wakavichomeka kuzunguka msitu wote wa juu, wakasema ni kwa ajili ya kutunza miti na maji. Mashamba ya maharage ya mjomba yakajikuta yamo ndani, na tangu siku hiyo hakuruhusiwa kulima huko. Basi kwetu neno kigingi lilikuwa na maana moja tu. Kilipochomekwa, hapo si pako tena.

Asubuhi moja alikuja Mdachi mkuu wa boma, ambaye tulimwita Bwana Shauri kama tulivyowaita wote waliokuwa na kazi yake. Alikuja na karani wake, mtu wa pwani, mwembamba, mcheshi, mwenye kofia safi siku zote. Bwana Shauri alisema Kiswahili kizuri kuliko ndugu zetu wengi wa kule Mgeta milimani, na aliuliza jina la kila mti akaliandika. Alitueleza kwamba anataka kutengeneza bustani ya kupumzikia kando ya kijito, kwa ajili ya watu wa mjini siku ya Jumapili. Kutakuwa na njia ya kutembea, mabenchi, na banda la makuti la kunywea kahawa. Hatakata mti hata mmoja. Tena, alisema, anajua kuwa wenyeji wana mahali pao pa zamani, na hataki kupaharibu.

Akaamuru mzigo wa vigingi uteremshwe. Vilikuwa vimepakwa chokaa vikang'aa. "Vipandeni pale msipotaka niguse," alisema. "Nikikuta kigingi, siweki hapo hata benchi."

Nasema haya ili mtu asije akadhani hatukumwelewa. Tulimwelewa vizuri sana. Hatukumwamini.

Alipoondoka tulikaa barazani kwa mjomba, wazee na sisi wanawake, kwa kuwa ardhi ya ukoo hupitia kwetu. Mjomba alisema ni mtego ule ule, safari hii wamekuja na tabasamu. Wanataka tuwaonyeshe wenyewe palipo na thamani, ili wasipate tabu ya kutafuta. Wote tukaona ni kweli. Mimi ndiye niliyetoa wazo, na nilijiona mjanja kweli kweli: vigingi tuvipande kwenye shamba la muhogo lililochoka, kwenye kinamasi, na kule kwenye kokoto ambako hata mbuzi hakutaki. Wakachukue huko. Tulivipanda siku hiyo hiyo, tukicheka hadi mbavu zikauma. Shangazi mmoja alikipa kila kigingi jina la mtu wa boma. Msituni hatukupanda hata kimoja.

Zikapita wiki. Siku moja nimeshuka kuteka maji, mtoto mgongoni, nikamkuta karani ameketi kwenye jiwe na karatasi kubwa ameikunjua magotini. Nilimwamkia, akanijibu kwa furaha, akaniita nije nione. Pale kwenye muhogo, kinamasi na kokoto palichorwa misalaba myekundu, maana yake pasiguswe. Njia ilipita pembeni, ikavuka kijito kwa daraja dogo, ikaishia chini ya miti mikubwa. Hapo palichorwa banda.

"Bwana amefurahi," karani akasema. "Aliogopa miti ile ni ya tambiko lenu. Meza zitakaa pale pale chini, penye kivuli. Kesho wanakuja kuchimba nguzo."

Nguzo ya kwanza ilikuwa imechorwa kwenye mti wa mizizi iliyotokeza. Mama yangu angechimbwa na watu wasiojua wanachimba nini, na aliyewaelekeza huko ni mimi na akili yangu nyingi.

Nilipanda mbio hadi kwa mjomba, hata shikamoo niliisahau, yeye ndiye aliyenikumbusha. Nilipomweleza aligeuza kofia yake mikononi. Kisha akauliza, nataka aende bomani akaseme nini. Kwamba alipewa vigingi na serikali akaichezea? Siku hizo mtu aliyelidanganya boma alilazwa chini akala viboko ishirini na vitano, ile hamsa ishirini yao, na mjomba hakuwa na mgongo wa kubeba hata nusu yake. Nilimwona anaogopa, na nikamwonea huruma na hasira kwa wakati mmoja. Akasema labda wazee waliolala pale watajitetea wenyewe. Nikamwambia mama hajawahi kujitetea alipokuwa hai, ataanzaje sasa.

Kulipopambazuka nilikwenda na tenga kwenye shamba la muhogo, nikang'oa vigingi. Nikaenda kwenye kinamasi, nikatoka na matope hadi magotini. Nilivuka kijito na mwanangu mgongoni, nikasimama mbele ya miti, nikanyunyiza unga, nikaomba radhi kwa kelele nitakazofanya. Kwa mila zetu, kuchomeka kijiti kwenye ardhi ile ni utovu wa adabu. Nilimwambia mama, nisamehe, ni mimi, nakuzungushia ua. Kisha nikaanza kugonga kwa jiwe, kigingi baada ya kigingi, hadi miti yote ikazungukwa na weupe.

Nilikuwa bado nahema Bwana Shauri alipofika na karani na watu wenye majembe. Aliangalia karatasi, akaangalia vigingi, akauliza nani amevihamisha.

"Mimi, Bwana," nikasema. "Vile vya kwanza vilikuwa vya uongo. Tulidhani mnataka kuchukua palipopandwa kigingi, kama mlivyochukua mashamba ya maharage. Hapa amelala mama yangu."

Karani aliinamisha uso. Bwana Shauri hakukasirika. Nadhani lile la maharage ndilo lililomchoma, kwa sababu masikio yalimwiva yakawa mekundu. Kisha akasema, kama mtu aliyechoka, kwamba watu wameshakuja na nguzo zimeshakatwa, na banda halina budi kujengwa mahali fulani.

"Basi nionyeshe wewe. Wapi panafaa?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimekaa nalo mpaka leo. Nilitaka wageuze migongo yao waondoke pale, upesi, kabla hajabadili mawazo. Nikanyoosha mkono kuvuka kijito na kidole kikasimama kwenye jiwe. Upande ule kunyoosha kidole kuliruhusiwa, hakuna aliyelala huko.

"Pale," nikasema. "Pana kivuli, pana maji, na hapana mtu."

Mjomba hakuwahi kunisifu kwa maneno. Jioni alileta mkungu wa ndizi, akautua mlangoni, akakaa kidogo. Akauliza, na watoto je? Nikamjibu watoto watapata pengine. Hawakupata. Milima yetu ina mawe mengi kama nini, lakini hakuna jingine lenye ule mteremko na ule ulaini.

Bustani ilipendeza, siwezi kusema uongo wa pili. Waliweka ngazi za mawe kando ya mwamba, mabenchi, banda, na ubao wenye maandishi ambao karani alinisomea bila kunitazama: ni marufuku kucheza kwenye jiwe. Jumapili wanawake wa Kizungu walipanda na miavuli yao, wakakaa wakisikiliza maji. Askari mmoja aliwekwa kufukuza watoto. Hakuwa mkatili, aliwapigia makofi tu kama anayefukuza kuku. Mwanangu alijifunza kutembea akisikia makofi hayo. Ng'ambo hakuna aliyevuka, na vigingi vyangu vilisimama hadi mchwa walipovimaliza.

Halafu vita vikaja, Wadachi wakaondoka na punda wao na wapagazi wao, na mabenchi yakawa kuni za watu ndani ya siku chache. Mwanangu alikuwa msichana wa meno ya mbele yaliyong'oka. Nilikata ganda la mgomba, nikampeleka. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nilimweleza njiani kote jinsi bibi yake alivyokuwa akikaa chini na kutudaka. Tulipofika alisimama kwenye ngazi, hakutaka kukanyaga jiwe.

"Mama, hapo ni pa Wazungu," akasema.

Nilimwambia wameondoka. Akatazama njia waliyokuwa wakijia. Nilimbembeleza, nikamtania, mwisho nikakalia lile ganda mwenyewe, mwanamke mzima, nikajiachia. Mwamba ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Nilikwenda kombo, kaniki niliyojifunga ikachanika, nikatua kwenye matope kwa makalio. Mwanangu alishuka mbio kwa ngazi za Wadachi, uso umejaa woga, akanivuta mkono.

"Inuka, mama, watatufukuza."

Ng'ambo ya kijito mama yangu alikuwa amelala mahali pake, hakuna aliyemgusa. Nilikaa pale matopeni nikacheka, kisha nikalia, na mtoto akazidi kunivuta mkono tuondoke.