Kava Aliyoikataa Unaisi

Unaisi wa Nausori hakuzaliwa kipofu. Macho yalimwishia akiwa na miaka thelathini, akakataa kulia, akaendelea kusuka mikeka kwa vidole. Baadaye akapata simu inayosoma maandishi kwa sauti, na chama cha vipofu kikamfanya mkaguzi: tovuti ikija, yeye ndiye husema kama kipofu ataweza kuitumia au hawezi. Msidhani ni kazi ya kuonewa huruma. Ulimi wake ni msasa.

Siku hiyo Eroni wa ofisi ya maafa alikuja na fungu la mizizi ya kava, mmea wa kinywaji chetu cha heshima, akapiga magoti mkekani. Kwetu Fiji, ukiigusa mizizi ya mtu umelikubali ombi lake.

"Bibi, tunaomba uipitishe tovuti yetu ya vimbunga. Jumatatu tunaizindua. Kompyuta imeikagua, imeipa tisini na saba kwa mia!"

"Kompyuta ina paa la kuezuliwa na upepo?"

Unaisi akaifungua tovuti simuni, akagusa palipo orodha ya mahali pa kukimbilia. Simu ikasema: "Picha." Akagusa tena. "Picha."

"Hiyo ni ramani, bibi. Nzuri, ina rangi."

"Rangi! Mwaka juzi kimbunga kilipokuja, tovuti yenu ya zamani iliniambia hivyo hivyo, picha. Nikamshika mkono dada yangu Torika tukakimbilia kanisani, maana ndiko tulikojua. Paa likamwangukia kiunoni. Na shule ya mlimani ilikuwa wazi, ina taa, ina chai! Leo Torika anabebwa kwenda msalani. Nawe unaniletea picha ileile?"

"Tutarekebisha baada ya uzinduzi. Mkubwa wangu..."

"Mkubwa wako aje ambebe Torika."

Torika akaita kutoka chumbani: "Unaisi, usimwaibishe mtoto wa watu! Kava hairudishwi!"

Kweli, Unaisi hakuwahi kuirudisha ya mtu yeyote. Lakini siku hiyo alilisukuma fungu kwa ncha ya fimbo, asiliguse, hadi likagonga goti la Eroni.

Uzinduzi ukaahirishwa. Ofisini wakamwita kikongwe mkaidi. Wiki mbili baadaye Eroni akarudi na fungu lilelile. Unaisi akagusa simu kwanza.

"Shule ya mlimani," simu ikasoma. "Ngazi sita. Hakuna njia ya kiti cha magurudumu."

"Ngazi sita! Torika atapandaje, kwa tumbo? Andika na jina la atakayembeba."

Eroni akatoa simu yake, akaandika palepale. Unaisi akagusa tena, simu ikalisoma jina la Eroni na namba yake.

Hapo ndipo Unaisi aliponyoosha mkono, akaigusa mizizi.