Ngamia Hatafutwi kwa Jina la Mtu

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la mifugo la Garissa. Siku hizi panauzwa saruji. Nikipita pale bado natupa jicho ndani, kama kwamba nitaiona meza yangu na kompyuta ile tuliyoifunika kwa leso kwa sababu ya vumbi.

Ilikuwa ofisi ya chama cha wafugaji. Mchungaji akikuta ngamia mgeni ameingia katika kundi lake, alitupigia simu, nami niliandika ameonekana wapi, ana chapa gani, yukoje. Aliyepotelewa alikuja, nami nikamtafutia. Shule niliishia darasa la nane, na niliandika kwa vidole viwili, polepole. Niliona haya kumwambia mtu mzima afupishe maneno, kwa hiyo niliandika yote aliyosema, hata habari za mvua.

Mfumo wenyewe ulitengenezwa na binamu yangu aliyekuwa Nairobi. Kabla yetu alikuwa ametengenezea shule moja mfumo wa kuweka habari za wanafunzi. Akauchukua ule ule, wanafunzi wakawa ngamia. Juu ya ukurasa palikuwa na kisanduku cha kutafutia. Uliandika jina la mwenye mnyama, ukabonyeza, majibu yakaja. Kwa mwanafunzi nadhani kilifaa. Lakini ngamia aliyepotea ndiye hasa ambaye mwenyewe hajulikani, na kila nilipotafuta nilipata ukurasa mtupu. Nikakizoea hivyo. Nilisoma orodha yote kwa macho, toka juu hadi chini, mgeni akisubiri huku akinywa chai.

Kisha akaja Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Hakuwa nyanya yangu wa damu. Alikuwa mama mzee wa bulla yetu, mtaa wetu, na sisi vijana wote tulimwita hivyo, naye akatuita hivyo hivyo. Alikuwa amepotelewa na ngamia jike mwenye mimba. Ngamia huyo alikuwa wa mwisho katika uzao wa wale aliopewa na baba yake alipoolewa. Wengine walikwisha kwa ukame. Na sasa mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mvua ikinyesha, makundi yangehama, na yeyote aliyekuwa na ngamia wake angeondoka naye hadi mahali simu isiposhika.

Nikamwuliza jina lake, kama binamu alivyonifundisha.

“Jina langu la nini, ayeeyo? Mimi sijapotea.”

Akaanza kunieleza. Hakuanza na ngamia mwenyewe, alianza na mama wa mama yake, aliyekuwa mweupe na mkali kisimani. Akaja kwa mama, aliyekataa kulala karibu na wenzake. Ndipo akamfikia binti, mwenye sikio la kushoto lililopasuka. Chapa aliichora kwa kidole kwenye vumbi la meza, mistari mitatu iliyokutana chini. Sisi tuliiita mguu wa ndege. Nilianza kusoma orodha, na ukame ulikuwa umeirefusha sana. Kabla sijafika katikati, stima ikapotea. Ayeeyo akajifunga mtandio wake akasema atarudi asubuhi.

Nilipokwenda nyumbani nilimwandikia binamu ujumbe, na ulinichukua muda mrefu. Nilimwuliza kwa nini kisanduku kinajua jina la mtu tu, na kila anayekuja anasema habari za mama, chapa na sikio.

Asubuhi akanipigia simu. Alicheka kwanza.

“Kwani hao ngamia wako hawana baba?”

Nikamwambia ngamia huitwa kwa mama yake, hata yeye alijua hivyo kabla hajahamia Nairobi. Kisha akasema yuko kazini, nifungue faili nibadilishe mwenyewe, yeye atanielekeza.

Nikaifungua ile faili. Ndani yake palikuwa na mstari uliotaja sehemu za kutafutia, na katikati ya mabano neno moja tu, mwenye. Akaniambia niongeze chapa na maelezo. Nikaongeza, nikahifadhi, nikatafuta. Ukaja ukurasa mrefu uliojaa makosa. Nikadhani nimeiua ofisi. Binamu akaniambia nimsomee nilichoandika, alama kwa alama. Nilikuwa nimesahau mkato kati ya maneno yale mawili, na kompyuta ikayaunganisha ikatafuta sehemu ambayo haipo. Nikaweka mkato, na ukurasa ukarudi.

Wakati huo Ayeeyo alikuwa amekwisha keti kwenye benchi. Nikaandika kwenye kisanduku yote aliyonieleza jana, tangu yule bibi mweupe. Pakawa patupu. Binamu, akiwa bado kwenye simu, akasema kila neno ninaloongeza lazima nalo lipatikane, basi nipunguze. Nikafuta, nikaacha mawili, ndege na sikio.

Wakabaki ngamia wawili. Mmoja alikuwa dume. Wa pili alikuwa jike, ameonekana karibu na Kotile, na katika maelezo nilikuwa nimeandika maneno ya mchungaji kama alivyoyatamka, kwamba ana mimba na hataki kulala na wenzake. Nikamsomea Ayeeyo. Alishika ukingo wa meza.

Tukampigia mchungaji. Ayeeyo alimwuliza chapa, akajibiwa. Akamwuliza sikio, akajibiwa. Kisha Ayeeyo akamwomba asogeze simu karibu na ngamia, akatoa sauti fupi ya kooni, ile ya kumwitia kukamuliwa. Akairudia. Tulisikia upepo tu.

“Amegeuza kichwa,” mchungaji akasema. “Mama, njoo upesi. Tunahama.”

Alipanda lori siku hiyo hiyo, na mvua ilimkuta akiwa na ngamia wake njiani kurudi.

Baadaye alikuja ofisini na maziwa yenye harufu ya moshi. Ngamia alikuwa amezaa jike. Alikaa kwenye benchi akaanza upya na yule mweupe wa kisimani, ingawa sasa maneno mawili yangetosha. Sikumkatiza. Alipomaliza akaelekeza kidole kwenye kompyuta.

“Mwandike na mtoto. Mwandike na mama zake wote.”

Nikamwandika kwa vidole viwili, naye akingoja kila neno.

Sasa watu hutumiana picha za ngamia kwa simu, na picha hufika kabla mtu hajasema chochote. Ayeeyo hayupo tena. Yule ndama amekua, yuko kwa wajukuu wa Ayeeyo, naye hulala peke yake, kando ya wenzake.