Mkwe Wangu Alivyoisikiliza Kompyuta

Sijawahi kuwa mtu wa kusifia wakwe. Binti yangu alipoleta habari kwamba anaolewa na fundi wa simu na kompyuta wa Magoma, huko chini kwenye joto na vumbi, nilinuna wiki mbili nzima. Nilikuwa nimefundisha shule za msingi za huku milimani zaidi ya miaka thelathini, nikajiona nastahili mkwe mwenye shahada, au walau mwenye tai. Harusi ikafungwa, nikacheka kwenye picha, lakini moyoni niliendelea kumwita yule fundi. Nayaandika haya kwa sababu nilikosea, na aliyenisahihisha hakupandisha sauti hata mara moja.

Mwaka wa sita wa ndoa yao nilikuwa nimehamia kwa mama yangu, Magamba, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Mama alishavuka miaka themanini na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Asubuhi, tangu chai mpaka saa nne hivi, akili yake ilikuwa timamu na ulimi wake mkali kuliko wangu. Mchana aliniuliza kwa adabu mimi ni mtoto wa nani. Basi nikaamua kuyaandika maisha yake asubuhi hizo, kabla hazijafupika zaidi.

Kalamu siwezi tena kuishika kwa muda mrefu, vidole vimekakamaa, lakini kupiga chapa naweza. Kurekodi kwa simu tulijaribu tukashindwa. Nikimwelekezea simu, mama alishusha sauti na kuanza kumsalimia mtu aliyedhani yuko upande wa pili. Kompyuta aliipenda. Alisema maneno yaliyogongwa ndiyo yanayoheshimiwa maofisini. Alisema kwa Kishambaa, mimi nikaandika kwa Kiswahili, na hata hapa nitamnukuu kwa Kiswahili. Alinisimulia ujana wake Kwai, alipokuwa mkamuaji kwenye shamba la ng'ombe. Aliwajua wale ng'ombe mmoja mmoja, yupi anapiga teke na yupi hatoi maziwa mpaka aimbiwe.

Pasaka, binti yangu na mumewe walikuja kutusalimia. Kompyuta ilikuwa imenisumbua kwa miezi, kila asubuhi inanisihi nikubali mfumo mpya, nami kila asubuhi naikatalia. Mkwe aliomba ruhusa, akauweka mfumo huo mpya Jumamosi kutwa, akanirudishia ikiwa na rangi nzuri na maandishi makubwa. Nilisema asante nusunusu. Walipoondoka tu, balaa likaanza.

Nikiwa katikati ya kazi, kioo kinakuwa cheusi. Nikibonyeza, inanidai neno la siri, kama vile ni mwizi nimeingia nyumbani kwa watu. Nikiliandika, mara inanifungulia, mara inaganda kabisa mpaka niizime kwa kukandamiza kitufe chake na kuanza upya. Niliyoyaandika hayakupotea. Kilichopotea ni mama. Nikimaliza kupambana na mashine na kugeuka, uzi umeshakatika, anaangalia mvuke wa chai na hajui tulikuwa wapi.

Ningevumilia yote kama si asubuhi moja ya Alhamisi. Mama alikuwa anaelezea zizi la Kwai, akaacha, akasema, "Kabla yako alikuwepo mwingine."

Nilikuwa na miaka sitini na mbili na sikuwahi kuisikia sentensi hiyo. Mimi ndiye kifungua mimba, ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo wadogo zangu walivyoniheshimu na kuniogopa. Nikatulia nimsubiri. Kioo kikazimika. Nikapiga meza kwa kiganja na kutoa neno ambalo mwalimu hatakiwi kulijua. Mama akashtuka, akaniuliza kama maziwa yamefurika jikoni. Ikawa basi. Wiki iliyofuata alisema tena, "Yule wa kwanza," na mashine ikafanya vilevile. Kumuuliza mwenyewe hakukusaidia, maana mama akiulizwa jambo hujifunga. Huja nalo mwenyewe, kwa wakati wake, na wakati wake ulikuwa unaisha.

Nikampigia mkwe. Sikumsalimia vizuri. Nilimwambia ameniharibia mashine, na ameniharibia kitu kingine kikubwa kuliko mashine. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema pole mama, kosa ni langu, nitalitafuta. Akaniomba niwe na daftari na kila ikizima niandike saa na nilichokuwa nafanya. Niliandika kwa hasira, kwa maandishi ya kumwandikia mzazi wa mtoro.

Ijumaa alipanda milimani, amefunga duka lake, amevaa koti na kofia ya sufu kana kwamba anaenda kilele cha Kilimanjaro. Akaniamkia kutoka mlangoni. Kwetu, walau kwa watu wa umri wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, na mkwe hamkodolei macho mama mkwe. Nilimpelekea kompyuta barazani nikaiweka kwenye stuli, nikarudi ndani, ndipo akaichukua.

Siku nzima akaitumia, haikuzima hata mara moja. Hilo lilinichoma kuliko kuzima kwenyewe. Hata hivyo jioni alinieleza kwamba ameona kosa moja. Mfumo mpya ulikuwa umekuta programu ya zamani ya kuendesha kioo, na vitu hivyo viwili havikupatana, ndiyo maana mashine ikilala ikashindwa kuamka. Ameweka mpya. Haitaganda tena, alisema, ila bado hajajua kwa nini inalala.

Kweli, Jumamosi asubuhi haikuganda. Ilizima, ikanidai neno la siri, nikalikosea mara mbili kwa hasira, ikafunguka. Mama alikuwa ameshahamia kwenye bei ya viazi.

Mkwe akapekua sehemu ambayo kompyuta huandika yenyewe kila linaloipata. Akayalinganisha maandishi hayo na daftari langu. Kisha akaja kusimama mlangoni, macho chini, akasema mashine imeandika kwamba saa zile zote kifuniko chake kilifungwa.

Mafundi nawafahamu. Nimeishi nao: wa redio, wa cherehani, wa maji. Hapo ndipo wanapokwambia umegusa kitu, mama, wanaondoka. Nikamuuliza kama amekuja kutoka Magoma kuniita mwongo mbele ya mzazi wangu.

"Hapana, mama," akasema. "Wewe hukufunga. Na mashine nayo haijatunga, kuna kitu imekiona. Naomba nikitafute."

Nilirudi jikoni kwenye maharage yangu. Katika kufundisha kwangu, mtoto akisema hivi na daftari likisema vile, mmoja wao alichapwa. Huyu kijana alikuwa amekataa kumfanya yeyote mwongo. Ilinichukua sufuria nzima ya maharage kukubali kwamba jambo hilo mimi sijawahi kuliweza.

Tabu ikawa moja. Ili aone kinachotokea, ilimpasa akae karibu nami na kuangalia mikono yangu nikiandika, na hilo halikuwezekana. Binti yangu angeweza, lakini alikuwa zamu hospitali huko chini. Nilikuwa karibu kumwambia aje tu akae, dunia imebadilika. Sikumwambia, na naye asingekubali. Badala yake aliomba kiti, na Jumatatu asubuhi, baada ya Jumapili yetu ya kanisani, akakiweka nje chini ya dirisha la sebule, akageukia bonde, mgongo kwetu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye miti ya plamu. Akakaa humo na daftari langu magotini, anasikiliza.

Tuliandika kwa muda wa saa mbili. Ilizima mara tatu. Kila ilipozima nilikohoa, kama tulivyokubaliana, naye akaandika. Mama alipokwenda kuota jua lililokuwa linaanza kujitokeza, mkwe alizungumza kutoka pale pale nje, bila kugeuka.

"Mama, nasikia vitufe vinaacha kulia kwanza, ndipo inazima. Haijazima hata mara moja ukiwa unaandika. Bibi akinyamaza, mikono yako unaiweka wapi?"

Nikamwambia naiweka hapo hapo juu ya kompyuta, nampa nafasi.

Akashukuru, akaenda barabarani kupiga simu. Baadaye binti yangu alinieleza alichoulizwa na mumewe: mama yako huvaa nini mkono wa kushoto? Alicheka sana, akamuuliza miaka sita yote hajaona? Mumewe akamjibu kwamba hajawahi kuangalia.

Nilivaa bangili ya presha. Niliinunua Lushoto mjini, kwenye ukumbi mmoja, kwa mama mmoja mwenye kipaza sauti aliyetuahidi kwamba sumaku zilizomo zinasukuma damu. Mimi, mwalimu wa sayansi darasa la sita, niliinunua, na kwa aibu nikawa naificha ndani ya mkono wa sweta. Kwa baridi ya Magamba sweta halivuliwi, kwa hiyo siri yangu ilikuwa salama.

Mkwe aliporudi aliniomba, kwa maneno ya kuzungukazunguka ambayo sitayarudia, niiweke bangili mezani. Nikaiweka, nikarudi nyuma. Akaichukua, akaipitisha polepole juu ya pembe ya kushoto ya kompyuta, pale kiganja kinapopumzika. Kioo kikawa cheusi. Akaiondoa, akaifungua mashine, akarudia, kikawa cheusi tena. Nilitamani sakafu inimeze. Alinieleza kwamba ndani ya kifuniko kuna sumaku ndogo, na chini kuna kinachoihisi ikikaribia, ndivyo kompyuta inavyojua imefungwa. Ilihisi sumaku, ikadhani kifuniko kimeshuka, ikalala. Zamani haikulala kwa sababu binti yangu aliwahi kuipangia isilale hata nikiifunga, ili kwaya ziendelee kuimba nikiwa nimeifunika. Mfumo mpya ulifuta mpango huo na kurudisha ule wa kiwandani. Mkwe hakuwa amelikumbuka hilo, na aliniomba radhi tena.

Nilikuwa tayari na jibu. Nilijua ataniambia bangili ni utapeli, niitupe, na nilishapanga nitamwambia nini. Alibonyeza vitufe kidogo, akaisogeza bangili upande wangu wa meza kwa ncha ya daftari.

"Vaa tu, mama. Nimeshaiambia isijali." Kisha akauliza kama vidonge vya hospitali naendelea navyo. Nikasema naendelea. Akasema vizuri, akatoka kwenda kunywa chai yake barazani.

Nawashangaa watu wanaojua kitu na wasitumie ujuzi wao kukudhalilisha. Ni wachache, na mimi sikuwa mmoja wao. Nikamwambia mama siku ile ile kwamba binti yangu ameolewa vizuri. Akanijibu yeye alishajua, ni mimi niliyechelewa.

Jumanne mkwe alikuwa anaondoka. Mama aliamka mapema, akataka tuanze kabla ya chai kuiva. Mkwe alikuwa barazani anafunga mkoba. Mama akarudi Kwai, kwenye zizi, kwa yule ng'ombe mweusi aliyepiga watu mateke, na hapo akanyamaza. Nikaweka mikono yangu juu ya kompyuta.

Kioo kikabaki kinawaka. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikitokea wiki zote zile. Mama akikaribia jambo zito hunyamaza, mimi hupumzisha mikono, mashine inazima, mimi nalipuka. Kila alipokusanya nguvu za kusema, kelele zangu ndizo zilizomrudisha nyuma. Nikakaa. Chai jikoni ilifurika, nikaiacha.

"Alikuwa wa kike," mama akasema. "Alikaa miezi minne, baridi ikamwingia kifuani. Tulimzika nyuma ya zizi, baba yako alichimba mwenyewe. Siku ya tatu nilirudi kukamua, maana ng'ombe walikuwa wamejaa. Na mimi nilikuwa nimejaa. Nilikamua huku gauni langu limelowa mbele, na hakuna aliyeniuliza."

Nje nilisikia kiti kikisogezwa taratibu, kisha hatua za mkwe zikishuka kuelekea kwenye kabichi, mahali ambapo hangeweza kusikia. Basi la asubuhi lilishapita.

Niliandika yote. Sikukosea hata neno. Mama alikuwa anaangalia kioo, mstari kwa mstari, ingawa kusoma kwake ni kwa shida. Kisha akataja jina langu, kwa sauti ya chini, kama anavyoniita akitaka maji.

"Abee, mama," nikaitika.

"Sikuiti wewe," akasema. "Namtaja yeye. Lilikuwa jina la bibi yako mzaa baba, yule mtoto ndiye aliyepewa kwanza. Alipoondoka lilibaki, nikakupa wewe."

Akanyoosha kidole kwenye kioo, pale maandishi yalipoishia, akaniambia niliandike.